Chemli ya Banda la Mihogo

Kila siku, akishaswali alasiri, Bibi Mwamvita huitoa chemli kwenye msumari wake, huisogeza sikioni na kuitikisa. Huitikisa mara mbili tu, taratibu, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza kama mtoto amelala. Akisikia mafuta yakicheza ndani, huirudisha msumarini. Asiposikia kitu huitafuta chupa chini ya kitanda, akamimina, akaitikisa tena.

Watoto wa Kibuta wanasema Bibi anapiga simu.

“Bibi, leo nani yuko upande wa pili?”

“Baba yako. Anasema uende nyumbani ukaoge.”

Nilipelekwa kwake na binti yake wa pekee, Sikudhani, ambaye ni jirani yetu huku Mkuza. Alikuwa amenisihi kwa muda mrefu kwamba mimi ninayependa vitabu nikamsikilize mama yake kabla hajaanza kusahau. Nilikaa Kibuta siku nne, na sehemu kubwa ya siku hizo sikusema kitu. Bibi alisuka ukili na kuzungumza. Mimi nilikaa kizingitini na kusikiliza. Haya nayaandika kwa mpangilio, ingawa yeye hakuyasema kwa mpangilio.

Alizaliwa hapohapo Kibuta, mwaka ambao Wajerumani na Waingereza walikuwa wakifukuzana katika nchi hii na kumchukua kila mwanamume aliyeweza kubeba mzigo. Ndiyo maana akaitwa Mwamvita. Baba yake aliondoka na mizigo hiyo, hakurudi. Akalelewa na mjomba wake, Mwinyimadi, mtu mpole aliyeogopa kila karatasi yenye maandishi.

“Vita ile ya kwanza ilipita mlangoni,” aliniambia. “Ya pili, ya Hitla, hatukusikia hata mlio. Tuliijua kwa vitu kukosekana.”

Kabla ya kukosekana kwa vitu alikuwapo Zahoro. Alikuwa utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Mlandizi, lori lililofika Kibuta kila wiki kuchukua nazi, sandarusi na mihogo mikavu. Alikuwa kijana mwenye maneno. Lori likikaribia kijiji alining'inia nyuma na kupiga bati kwa fimbo, na mdundo ule, Mwamvita alisema, kila msichana alidhani ni wake. Nyumbani kwake Visiga alikuwa na mke, Mwamini. Alipomuoa Mwamvita kuwa mke wa pili, hakuficha. Mwamini alijua, Visiga wote walijua na Kibuta wote walijua. Lililokuwa halijui ni daftari la kodi.

Wakati ule mwanamume alilipa kodi kwa nyumba yake, na mwenye mke wa pili aliongezewa kodi kwa sababu ya mke huyo. Basi karani wa kodi alipofika Kibuta mara ya kwanza baada ya harusi, Zahoro alimpokea mwenyewe. Alisimama mbele ya nyumba ndogo ya udongo aliyoijenga nyuma ya nyumba ya mjomba, akasema, “Hili ni banda la mihogo la mzee.”

Karani akachungulia. Ndani mlikuwa na mihogo mpaka usawa wa dirisha.

“Niliibeba mimi mwenyewe tangu alfajiri,” Bibi alisema. “Karani alipoondoka tulicheka, mimi na Zahoro, mpaka tukakaa chini. Mjomba hakucheka. Alisema, ‘Nyinyi mtaniua kwa hofu.’”

Ikawa desturi. Kila mwaka, siku ya karani, kitanda kilitoka, mihogo ikaingia, na Mwamvita akaenda shambani mpaka jioni. Wanawake wenzake walimwita Mama Banda. Hakuchukia. Lilikuwa jina la utani kama majina mengine.

Chemli ilikuja kwa lori hilo. Zahoro aliileta kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa ndani ya shuka lake ili kioo kisivunjike. Nyumba nyingi za Kibuta zilikuwa na vibatari vya mkebe, ambavyo vinatoa moshi mweusi na kuacha masizi puani. Chemli haikuacha kitu. Na mafuta ya taa yalikuja na lori vilevile, chupa moja kila wiki chini ya kiti cha dereva. Mwamvita hakuwahi kwenda dukani kuyafuata.

Kisha petroli ikaanza kukosekana. Lori lililokuja kila wiki likaja kila baada ya wiki mbili, halafu mara moja kwa mwezi. Zahoro alisema petroli yote inakwenda kwenye ndege na manowari, na kwamba tajiri wake amepewa karatasi ya galoni chache tu. Mwisho lori likawekwa juu ya mawe nyuma ya duka huko Mlandizi, magurudumu yakavuliwa, kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Zahoro aliporudi Kibuta safari iliyofuata alikuja kwa miguu kutoka Visiga, akivuka reli na mapori, siku nzima na kipande cha siku ya pili. Alipoingia kijijini hakukuwa na bati la kupiga. Alisimama tu mlangoni akasema hodi kama mgeni.

Kwa miguu mtu habebi mengi, wala haji mara nyingi. Mafuta ya chemli yakaisha.

Mwezi yalipoisha ndipo Mwamvita alipojifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Mkunga, Bi Tatu, alikuwa na amri zake, na amri ya kwanza ilikuwa kwamba nyumba ya mzazi haikai giza siku arobaini. Mafuta hakuna? Basi sandarusi ipo. Watu wa sehemu hizi wamekuwa wakiichimba tangu enzi za babu zao, ile gundi ya miti iliyogeuka jiwe ndani ya ardhi, na kila nyumba ilikuwa na vipande vibaya vilivyokataliwa na wanunuzi. Ukikiweka kipande kwenye kigae na kukiwasha, kinawaka vizuri na kunukia. Lakini moshi wake ni mzito, na banda lile lilikuwa na dirisha moja, dogo.

Mtoto alipewa jina siku ya saba, akaitwa Saburi. Siku ya tisa alianza kukohoa. Siku ya kumi na mbili wakamzika.

Watu walisema ni homa. Bi Tatu alisema ni jicho la watu. Mwamvita alisema ni moshi. Alilisema mara moja, mbele ya Bi Tatu, na hakulirudia.

Mwaka uliofuata akawa mjamzito tena. Akaniambia kwamba tangu alipojua, hakutaka kitu kingine chochote duniani. Hakuomba nguo, ingawa nguo nazo zilikuwa zimeadimika na wanawake walikuwa wakivaa kaniki zilizochakaa. Alitaka siku arobaini za taa isiyo na moshi.

Alianza na mafuta ya nazi. Aliyakamua mwenyewe, akayachuja kwa kitambaa mara tatu, akayamimina kwenye chemli. Utambi ulikunywa kidogo, ukakataa. Mwanga ulilegea, kioo kikafanya ukungu, taa ikazimika. Mafuta ya nazi ni mazito, hayapandi. Akaisafisha chemli kwa majivu na maji ya moto siku nzima mpaka harufu ikatoka. Kisha akamwendea mjomba. Mwinyimadi alikuwa na watu tisa nyumbani na chupa moja ya mafuta kwa mwezi. Alimimina kiasi kinachojaa kifuniko cha chupa, akampa, huku akitazama pembeni kwa aibu.

Wakati huo mafuta yalikuwa yanatolewa kwa orodha. Kila nyumba ilikuwa na cheti, na kwa cheti hicho ulipata chupa moja kwa mwezi kwenye duka la Mhindi mmoja wa Kisarawe. Mhindi huyo watu walimwita Baadaye, kwa sababu tangu vita ianze hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila kitu: sukari baadaye, viberiti baadaye, kitambaa cha marekani baadaye. Mwamvita alitoka Kibuta alfajiri pamoja na wanawake wengine, akafika, akapanga mstari akiwa na mimba ya miezi sita.

“Jina la mwenye nyumba?” Baadaye aliuliza.

“Zahoro wa Visiga.”

Baadaye alishusha kidole kwenye karatasi, akakipandisha tena. “Zahoro wa Visiga mafuta yake iko Mlandizi. Hapa hapana.”

“Mimi nakaa Kibuta. Kwa Mwinyimadi.”

“Mwinyimadi iko. Nyumba moja.” Akaendelea kusoma. “Na banda. Banda ya mihogo.”

“Ndilo langu.”

“Mama, banda hapana pewa mafuta.”

Nyuma yake wanawake walianza kucheka.

“Mpe bwana, mihogo inaogopa giza!”

“Mpe, inataka kusoma juzuu!”

Mwamvita naye alicheka. Aliniambia alicheka kwa sababu ilikuwa inachekesha, na kwa sababu kama asingecheka angelia mbele ya watu. Akarudi Kibuta na chupa tupu.

Orodha ya mafuta ilikuwa imenakiliwa kutoka daftari la kodi. Wote waliokuwa wamelikwepa daftari, walikosekana kwenye orodha.

Mwezi huohuo Kibwana, jirani wa upande wa kisimani, alichukuliwa. Alikuwa na deni la kodi. Zamani angefanya kazi ya barabara wiki chache akarudi, lakini sasa vita ilihitaji mkonge na mpira, na mashamba yalihitaji watu. Wakampeleka huko kwa mwaka mzima, wakampa namba. Mkewe, Zubeda, alikuja kwa Mwamvita asubuhi ile kuomba kaa la moto. Alisimama mlangoni na kigae mkononi, akasahau alichofuata, akarudi nacho kitupu.

Zahoro alifika wiki mbili baadaye, wakati wa alasiri, miguu imevimba. Alikuwa na robo chupa ya mafuta ya taa, imefungwa kitambaa na kuzibwa kwa gunzi.

“Mwamini amekukatia,” alisema. “Kwenye yao.”

Mwamvita aliimimina kwenye chemli, akaitikisa sikioni. Hapo ndipo ilipoanza, ile tabia. Alisikia mlio mdogo, kama maji kwenye dafu lililokauka. Alijua zitakuwa siku tano, labda sita.

“Nenda kwa jumbe ukaseme hii ni nyumba,” alimwambia mumewe.

“Nikaseme nini? Kwamba mihogo imeota miguu?”

Hakucheka.

“Ukaseme una mke Kibuta.”

“Kibuta nzima inajua nina mke.”

“Karatasi haijui.”

“Karatasi!” Zahoro alisema. “Sasa umekuwa mtoto wa mjomba wako, unaogopa karatasi.”

“Siiogopi. Nataka iniandike.”

Juu ya yaliyofuata jioni ile, Bibi Mwamvita aliniambia tu kwamba Zahoro alizungumza sana. “Mengine siyakumbuki,” alisema, akaugeuza ukili upande wa pili. Siku mbili baadaye Zahoro aliondoka mapema kwa sababu ya urefu wa njia. Alimwachia jembe dogo jipya la kupalilia na akamwambia asinyanyue vitu vizito.

Karani wa kodi alikuja barazani kwa Jumbe Kondo mwezi ule ule. Safari hii hakuja kuhesabu nyumba. Alikuja kusikiliza malalamiko ya orodha ya mafuta, kwa sababu yalikuwa mengi. Wanaume walikaa kwenye mikeka, wanawake wakasimama juani. Mwamvita alisubiri mpaka wanaume wamalize. Alikuwa na mimba kubwa, na watu walimpisha bila kujua anakokwenda, mpaka akawa mbele.

Jumbe Kondo alimwona, akaelewa kabla ya wengine. Alikuwa anajua habari za banda tangu siku ya kwanza.

“Mwamvita, rudi nyumbani ukapumzike.”

“Sina nyumba, Jumbe. Nina banda.”

Watu wakacheka.

“Basi rudi bandani.”

“Ndilo lililonileta.”

Wakacheka zaidi. Karani, kijana aliyevaa koti juu ya kanzu, alicheka pia, akageuza daftari upande wake. “Haya mama, banda limefanya nini?”

“Linataka mafuta ya taa.”

“Banda la nani?”

“La Mwinyimadi. Lile la mihogo.”

“Kwani nani analala huko?”

“Mimi.”

“Na mihogo inalala wapi?”

“Mihogo inalala siku moja tu kwa mwaka,” Mwamvita alisema. “Siku unayokuja wewe.”

Kicheko kilianza kisha kikakatika. Karani alikuwa ameacha kutabasamu. Mwisho wa mkeka Mwinyimadi aliinamisha kichwa mpaka kofia ikaanguka, na hakuiokota.

“Mumeo ni nani, mama?”

Aliniambia kwamba hapo palikuwa na nafasi. Alisema hivyo: nafasi. Jumbe alikohoa. Mtu nyuma yake alimshika kanga, akaivuta taratibu, kama unavyomvuta mtoto anayekaribia kisima. Hakugeuka kuona ni nani.

“Zahoro wa Visiga.”

“Tangu lini?”

“Huu mwaka wa sita.”

Kalamu ikaandika. Iliandika kwa muda mrefu kuliko alivyotegemea. Kisha karani akakata kipande cha karatasi, akakipiga muhuri, akampa. Cheti cha chupa moja kwa mwezi.

Mwinyimadi hakulaumiwa sana. Karani alimwonea huruma kwa uzee wake, akamwonya tu. Lakini siku ya tatu mzee alimwambia Mwamvita, “Baba yako walimchukua mchana, watu wakiona. Mimi nilikuwepo.”

Kwa Baadaye, safari hii hapakuwa na wa kucheka. Alipokea cheti, akajaza chupa mpaka shingoni, akaongeza tone. “Mihogo salama?” aliuliza kwa upole. Mwamvita akajibu salama.

Hakuiwasha chemli. Aliyarudisha mafuta ya Mwamini chupani, akaweka chupa ya kwanza, akaweka na ya mwezi uliofuata, akaishi kwa mwanga wa jiko na kulala kuku wanapolala. Kila alasiri aliitikisa chemli tupu, kwa mazoea, akairudisha.

Habari ililetwa na Mwinjuma, mchuuzi wa chumvi aliyetembea kati ya Mlandizi na Kisarawe na kujua mambo ya kila nyumba katikati. Alitua mzigo wake, akaomba maji, akayanywa yote kabla ya kusema.

“Mumeo ametiwa namba. Walimfuata Visiga, Jumatano, kwa kodi ya miaka sita. Wameongozana wengi.”

“Wamempeleka wapi?”

“Mkongeni. Shamba gani, hakuna anayejua.”

Baada ya siku kumi na moja alijifungua. Mtoto alikuwa wa kike, na sauti yake ilikuwa kubwa. Bi Tatu alifika na vipande vyake vya sandarusi kwenye pindo la kanga. Alipoiona chemli inawaka, kioo safi, akavirudisha pindoni. Magharibi baada ya magharibi Mwamvita aliiwasha. Hakulala mapema. Alilala ubavu, akimtazama mtoto kifua kinavyopanda na kushuka, na katikati ya hayo akimfikiria Zahoro, kama huko aliko ana taa.

Siku ya saba Bi Tatu aliuliza jina.

“Sikudhani,” Mwamvita alisema.

Wanawake waliokuwepo walitazama chini. Zubeda alijifuta macho. Walitoka nje wakaambiana kwamba ni jina la haki: maskini, alifuata mafuta tu, hakudhani kama watamchukua mume. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Kibuta aliyemlaumu. Jina lilijibu kila swali kabla halijaulizwa.

Siku ya thelathini na tatu akaja Mwamini.

Alikuja peke yake, kwa miguu, kutoka Visiga. Mwamvita alikuwa hajawahi kumwona. Alikuwa mwanamke mrefu, mkubwa kwake kwa miaka kama kumi, vumbi mpaka magotini. Hakupiga hodi.

“Nimekuja kuiona taa iliyomla mume wangu,” alisema.

Mwamvita akanyanyuka. “Shikamoo, dada.”

“Ipo wapi?”

Mwamvita alimwonyesha msumari. Mwamini aliitazama chemli kwa muda, akakigusa kioo kwa kidole, akakitazama kidole. Hakikuwa na masizi. Kisha akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa, akanyoosha mikono, na Mwamvita akampa mtoto.

“Ulijua?” Mwamini aliuliza.

“Sikudhani.”

Mwamini alimnusa mtoto utosini. “Jina lake nani?”

“Sikudhani.”

“Nimekuuliza jina la mtoto.”

“Ndilo hilo.”

Mwamini alicheka kidogo, cheko kavu, la puani. “Umejua kujitetea,” alisema. Akamweka mtoto sikioni, akasikiliza kifua. “Hana kikohozi.”

“Hana.”

“Yule wa kwanza Zahoro aliniambia.” Alimshusha mtoto mapajani. “Robo chupa ile nilikata kwangu. Wanangu walikula gizani mwezi mzima, wanatafuta mboga kwa vidole. Ungenitumia mtu ukaniambia haikutosha. Ningekata tena.”

Mwamvita alichochea moto. Alipika, wakala. Jua lilipozama aliiwasha chemli, na wake wawili wakalala pande mbili za mtoto. Alfajiri Mwamini alikuwa ameshaondoka. Alikuwa amefagia uwanja.

Zahoro alirudi baada ya mwaka na miezi kadhaa. Mikono yake ilikuwa imejaa makovu ya miiba ya mkonge na kidole kimoja hakikukunjika. Alikwenda kwanza Visiga. Kibuta alikuja baadaye, akasimama nje ya mlango, mtoto akamtazama kwa nyuma ya kanga ya mama yake.

“Banda halijambo?” aliuliza.

Ilikuwa kama maneno yake ya zamani, lakini hakuna aliyecheka, na yeye hakutegemea wacheke. Alimbeba mtoto. Alikula barazani kwa mjomba, akalala hukohuko, kesho yake akarudi. Hakutoa talaka, wala hakuingia tena ndani ya nyumba ile. Kila Idi Mwinjuma alileta kitu kutoka kwake: kitambaa cha gauni la mtoto, mahindi, mara moja viatu. Vita ikaisha, petroli ikarudi, lori likashushwa kwenye mawe. Lilipofika Kibuta watu walitoka kulitazama. Aliyekuwa akining'inia nyuma alikuwa utingo mwingine.

Zahoro alifariki Visiga, miaka michache kabla ya bendera kubadilishwa. Mwamvita hakutegemea kuambiwa. Lakini Mwamini alituma mtu na neno hili: njoo ukae eda, wewe ni mjane kama mimi. Wakakaa eda chumba kimoja, miezi minne na siku kumi. Walizungumza habari za watoto, magonjwa, mapishi, watu waliokufa. Mwamini hakuuliza tena lile swali lake. Walipotoka eda alimpa Mwamvita shuka kuukuu la Zahoro, lile lililoviringishia chemli siku ile ya kwanza.

Siku ya nne, kabla sijarudi Mkuza, Sikudhani alikwenda kisimani na ndoo mbili. Bibi Mwamvita alimaliza kuswali alasiri, akakunja msala, akaitoa chemli msumarini. Aliisogeza sikioni, akaitikisa. Nilisikia mafuta nami pia, kidogo, yakigonga ukingo. Aliirudisha. Niliona kwamba nikingoja zaidi binti yake atafika, na baada ya hapo sitaweza kuuliza tena. Katika siku nne zote sikuwa nimemuuliza kitu.

“Bibi, ile siku unakwenda kwa karani, ulijua kwamba watamchukua?”

Alitazama njia ya kisimani. Haikuwa na mtu.

“Nilijua,” alisema. “Zahoro mwenyewe aliniambia, jioni ile ya robo chupa.”